Uliyeweka mipangilio yako ya tmux kwenye /etc ya seva ya wote, uzi huu ni wako

Wadau, leo sina salamu ndefu. Nimelala saa tisa usiku, saa kumi na mbili asubuhi niko macho naandika ripoti ya kosa ambalo, kusema haki, nusu ni langu na nusu ni la mtu ninayejua anasoma hapa. Jina lake silitaji, kampuni siitaji. Anajijua.

Mambo yako hivi. Kazini tuna seva moja ya kupitia. Mashine yoyote ya mteja unayotaka kuifikia, lazima uingie hapo kwanza kwa SSH, ile njia ya kuendesha mashine kwa mbali. Tuko watu kumi na mmoja na karibu wote tunaishi ndani ya tmux, programu inayokuwekea madirisha ya amri kule kwenye seva, maana ukiwa Rongai unajua mambo ya stima na mambo ya bando. Laini ikikatika katikati ya kazi, kazi inaendelea kule kwenye seva kana kwamba hukuondoka. Ukirudi unaandika tmux attach na unakuta madirisha yako yote ulivyoyaacha.

Mimi nimeitumia miaka sita vile ilivyokuja. Ctrl-b, halafu herufi. Faili langu la mipangilio, ~/.tmux.conf, lina mistari miwili tu: set -g base-index 1, kwa sababu sifuri kwenye kibodi iko mwisho kabisa wa safu na sina haja ya kuifuata huko kila saa, na mwingine wa kuongeza historia ya kupandisha juu. Basi. Madirisha nayapa majina kwa mkono, Ctrl-b kisha koma. Dirisha la mashine ya laivu, ile inayohudumia watu kweli, naliita MALIPO-USIGUSE, kwa herufi kubwa, makusudi. La majaribio naliita cheza.

Jumamosi seva iliwashwa upya kwa ajili ya masasisho. Jumatano jioni nikashika zamu. Nafungua tmux, inanikaribisha na kosa: /etc/tmux.conf, mstari wa 14, chaguo window-status-current-bg halijulikani. Nikajiuliza, /etc/tmux.conf, faili la mipangilio linalomshika kila mtu kwenye seva, imetoka wapi? Lakini mteja alikuwa ananingoja kwenye simu, nikapita.

Nabonyeza Ctrl-b c nifungue dirisha jipya. Hakuna dirisha. Kuna herufi c imekaa kwenye mstari inanitazama. Nikaangalia prefiksi, yaani kile kitufe cha kutangulia herufi: imekuwa Ctrl-a. Sawa. Najua kuna watu wanaipenda hiyo, walizoea screen, programu ya zamani ya kazi hiyohiyo, ambayo iko tangu 1987 na prefiksi yake ni Ctrl-a. Sina ugomvi na mtu kupenda. Lakini Ctrl-a kwenye bash, pale unapoandika amri, ndiyo inayokupeleka mwanzo wa mstari, na vidole vyangu viliijua kazi hiyo kabla ya kuijua tmux. Nikapandisha amri iliyopita, nimesahau sudo, neno la mbele linaloipa amri mamlaka ya msimamizi, nikafanya kile sisi wote hufanya: Ctrl-a, halafu nikaanza kuandika sudo. Ile s ikadakwa na tmux, skrini nzima ikafunikwa na orodha ya vikao, na u, d, o zikamwagika humo ndani. Fikiria ningekuwa naandika neno linaloanza na d. Ctrl-a d ingenitoa nje ya kikao kabisa.

Hapo bado. Nimefungua faili kwa nano, programu ya kuhariri, nabonyeza Ctrl-k nikate mstari. Kimya. Tena. Kimya. Nikaenda kusoma hiyo /etc/tmux.conf na nikakuta bind -n C-k select-pane -U. Kwa msiojua, hiyo -n maana yake ni kwamba kitufe kinashikwa moja kwa moja, bila prefiksi, popote ulipo, programu yoyote uliyomo. Jamaa anapenda kuruka kipande cha juu cha skrini bila kuchoka vidole. Mimi nina kipande kimoja tu, hakuna cha kurukia, kwa hiyo Ctrl-k yangu inamezwa tu na kupotea. C-l nayo imechukuliwa vilevile, hata kusafisha skrini siwezi.

Tunakaa ploti, mnajua. Kamba ya kuanika nguo ni ya wote. Huyu ameikata, akaifunga upya kwa urefu wake, na sisi wengine tunaruka.

Sasa majina, ambapo ndipo nilipoumia. Watu wengi wanajua tmux hubadilisha jina la dirisha yenyewe kufuata programu inayoendeshwa, na wanajua ukiliita kwa mkono inaacha. Kweli, automatic-rename hujizima kwa dirisha hilo. Ila kuna mlango wa pili, allow-rename. Ukiuacha wazi, programu yoyote ndani ya dirisha inaweza kutuma msimbo, \033k, jina, \033\, na tmux inalifuta jina lako na kuweka la kwake. Jina la mkono halikingi hapo. Siku hizi tmux huja na mlango huo umefungwa, na kwa sababu hiyo sikuwahi kuufikiria. Mwenzetu kaufungua. Mstari wa 9: set -g allow-rename on. Nadhani kwake inapendeza kuona majina yakijibadilisha.

Mashine za huyu mteja zina msimbo huo kwenye PROMPT_COMMAND, amri inayojiendesha kabla ya kila mstari mpya wa amri, mabaki ya enzi mtu fulani alipokuwa akitumia screen. Kila ukibonyeza Enter, zinatangaza jina la mashine. Na mashine ya majaribio ilinakiliwa kutoka ya laivu bila mtu kuibadilisha jina. Zote mbili ni app01.

Mmeshaona inakoelekea. MALIPO-USIGUSE ikawa app01. cheza ikawa app01. Saa mbili kasorobo usiku nikaenda dirisha la tatu, ambalo siku zote ni cheza, lakini kwa sababu ya ile vurugu ya prefiksi nilikuwa nimeyafungua kwa mpangilio mwingine. Nikaandika systemctl restart, amri ya kuzima na kuwasha upya huduma, kumbe niko kwenye ya laivu. Dakika nne malipo ya mteja yakasimama mpaka huduma ilipoamka. Dakika nne, jioni ya tarehe za mwisho wa mwezi, watu wako madukani.

Nusu yangu naikubali: ningeangalia anwani ya mashine kabla ya kubonyeza Enter. Nimeandika hivyo kwenye ripoti. Msije hapa kunifundisha hilo, nimeshafundishwa na bosi tangu alfajiri.

Kilichonikera zaidi ni hiki. Faili lile lina tarehe ya wiki tatu nyuma. Wiki tatu limekaa hapo! Hakuna aliyeliona, kwa sababu tmux husoma mipangilio mara moja tu, wakati seva yake (programu yake ya nyuma, si ile mashine) inapoanza, na zetu zilikuwa hazijazimwa kwa miezi. Jumamosi mashine ikawashwa upya, kila mtu akaanza seva mpya ya tmux, na kila mtu akarithi vidole vya mtu mmoja. Yeye hakuona kosa lolote siku aliyoliweka; pengine alijaribu, akaona kwake liko sawa, akaenda nyumbani.

Na ile window-status-current-bg inaonyesha hata hakuliandika mwenyewe. Machaguo ya namna hiyo, ya -bg na -fg, yaliondolewa tmux 2.9, mwaka 2019. Siku hizi ni window-status-current-style. Kabla ya hapo, 2.4 ilibadilisha namna ya kufunga vitufe vya kunakili, na 2.1 ilikuwa imekusanya machaguo yote ya kipanya ikayafanya moja. Kwa hiyo faili lolote la kuokotwa lazima ulisome tarehe kama maziwa ya pakiti. Huyu kalibeba zima, la mtu asiyemjua, akaliweka kwenye /etc kwa sudo.

Kwa wenzangu wa seva ileile, fanyeni hivi leo. /etc husomwa kwanza na faili la nyumbani kwako baadaye, kwa hiyo lako linashinda. Andika ndani ya ~/.tmux.conf:

set -g prefix C-b
unbind C-a
bind C-b send-prefix
unbind -n C-k
unbind -n C-l
set -g allow-rename off

Kisha tmux source-file ~/.tmux.conf, hakuna haja ya kuua kikao. Ukitaka kujua ni vitufe gani vingine umeporwa, tmux list-keys -T root itakuonyesha vyote vinavyoshikwa bila prefiksi.

NYONGEZA, saa nne asubuhi: Aliyeuliza kwa nini sitaki maendeleo, ndugu, mimi hata Ctrl-a nitajifunza ukinipa nafasi ya kuchagua. Hata ungeniwekea Ctrl-Space. Weka nyumbani kwako, upake rangi zote za dunia, usiku ukae ukizitazama.

Anayesema tuweke rangi nyekundu kwenye promti (mwanzo wa mstari wa amri) ya laivu: umesema la maana, na kubadilisha jina la ile mashine pia. Nimeomba yote mawili. Nimeambiwa ni ya robo ijayo.

NYONGEZA, saa saba mchana: Amejitokeza. Si hapa, kwenye kundi la kazi. Ameandika "pole kaka, nimefuta ile mistari, sasa iko sawa" na kijidole gumba. Hakuna aliyemjibu. Dakika kumi baadaye dada aliye zamu akanipigia: Ctrl-k bado haikati mstari. Bila shaka haikati. Kufuta mstari kwenye faili hakufungui kitufe ambacho tmux imeshakishika. Seva ya tmux ya huyo dada iko hewani tangu Jumamosi na haijasoma lile faili tena. Nimemtumia ile mistari sita. Mwenye faili nimemtumia pia, na bado hajafungua ujumbe.