Naomba ushauri: kutoa gesi ya R22 kwenye chumba cha baridi cha samaki

Wakuu, habari za kazi. Mimi ni fundi majokofu hapa Kirumba, Mwanza. Mteja wangu wa samaki ana mtambo wa zamani unaotumia gesi ya kupozea ya R22, anataka nimwekee gesi nyingine, R407C.

Ile gesi ya zamani sitaki kabisa kuiachia hewani. Ina klorini, na hupanda polepole kupita tabaka la mawingu hadi stratosfia, kilomita 15 hadi 35 juu, kwenye ozoni inayotukinga na miale ya urujuanimno. Itifaki ya Montreal ya 1987 inaiondoa; kwa nchi kama yetu, karibu yote ikome 2030.

Mashine ya kunyonyea gesi naipata wapi Kanda ya Ziwa, hata ya kukodi? Na oili ya kompresa, mliowahi kubadilisha mliimwaga yote?