Mama ana nimonia na sukari, wamemwanzishia steroidi. Nimuulize daktari nini?

BintiWaBombo
Salaam wakubwa. Namuuguza mama Kampala, amelazwa kwa nimonia. Ana miaka 68, sukari anayo tangu zamani na anameza metiformini. Siku ya kwanza kile kidude cha kidoleni cha kupima oksijeni kilisoma asilimia 84, wakamwekea oksijeni na antibayotiki ya seftriaksoni ya mshipani. Jana daktari kaongeza haidrokotisoni, sindano kila saa sita, na leo asubuhi sukari imepanda hadi 19.

Shemeji yangu ana duka la dawa Luwero. Simu haipoi: hiyo ni steroidi, inaua kinga, mwambieni aitoe. Kaka mkubwa yuko upande wake. Lakini anayelala kwenye mkeka chini ya kitanda ni mimi, na nitakayetumwa kumkabili daktari ni mimi. Naye hupita asubuhi kama mtu aliyeacha chungu motoni. Naomba maswali ya maana, si ya kugombana.

MzeeWaArua
Pole binti. Wakati wa korona mdogo wangu alipewa deksa (deksamethasoni), nayo ni steroidi, akiwa hoi, leo analima. Waache madaktari wafanye kazi yao.

TabibuMbale
Mzee wangu, shikamoo, ila korona isitupe jibu la haraka. Utafiti wa RECOVERY wa Uingereza, 2020, ulionyesha deksa inapunguza vifo kwa waliokuwa kwenye oksijeni au mashine ya kupumulia. Waliokuwa wanapumua vizuri bila msaada hawakufaidika.

Binti, shemeji yako hajatunga uongo. Steroidi inapunguza nguvu za kinga, na hilo ndilo daktari analotafuta. Nimonia ikiwa kali, bakteria si adui pekee: mwili wenyewe unapigana hadi mapafu yanajaa maji na usaha, hewa inakosa pa kupita. Antibayotiki inaua mdudu, steroidi inatuliza vita.

Mimi ni mgumu kuiamini dawa hii, maana naona deksa ikiuzwa madukani kwa kikohozi chochote, na wengine wanaimeza ili wanenepe. Kilichonigeuza ni takwimu. Mwaka 2023 Wafaransa walitoa matokeo ya wagonjwa karibu 800 wenye nimonia kali. Kundi la haidrokotisoni, miligramu 200 kwa siku, walikufa asilimia 6.2 ndani ya siku 28; kundi lisilopewa asilimia 11.9. Utasema hao ni wa ICU, wodi za mahututi, za Ulaya. Haya, 2025 majirani zetu Kenya wakatoa ya kwao: hospitali 18 za umma, wagonjwa 2,180, steroidi ya dozi ndogo kwa siku 10. Vifo ndani ya siku 30 vilikuwa asilimia 22.6 kwa waliopewa na 26.0 kwa wasiopewa. Tofauti si kubwa kama ya Ufaransa, lakini hizo ni wodi zinazofanana na zetu.

Si tafiti zote zilizokubaliana. Ule wa Marekani wa 2022, kwa steroidi nyingine, methiliprednisoloni, haukuonyesha kupungua kwa vifo. Kwa hiyo sisemi kila mwenye nimonia apewe. Mgonjwa anayekaa, anakula na anapumua bila oksijeni, mimi simpi. Mama aliyefika na 84 ni habari nyingine.

Ukimkuta daktari: makohozi yamepimwa TB? Kipimo cha HIV kipo? Kuna nimonia ya watu wenye HIV, ya nimosistisi, ambayo steroidi ni sehemu ya tiba yake ikiwa kali, lakini dozi ni tofauti. Je, inaweza kuwa mafua ya influenza? Hapo steroidi inatiliwa shaka, na Wafaransa waliwaacha nje wagonjwa hao. Mwambie pia kama mama analima miguu peku. Kuna minyoo inayoingia kwa ngozi, strongiloidesi, inaweza kukaa tumboni miaka bila kelele. Ikikutana na steroidi inaweza kusambaa mwilini. Ivamektini inaitibu. Hili la minyoo husahaulika sana.

Mwisho, sindano zinaisha lini? Wafaransa walizipunguza taratibu, jumla siku 8 au 14. Iandikwe kwenye faili.

BintiWaBombo
Asante sana tabibu. TB wamepima kwa GeneXpert, haipo. Mama ni mkulima, na viatu vya shamba hajui! Nitasema. Na hiyo 19?

TabibuMbale
Inatarajiwa. Hata Wafaransa walihitaji insulini zaidi kwa wenye steroidi. Hiyo si sababu ya kuing'oa dawa, ni sababu ya kupima mara nyingi na kuandika insulini. Uliza pia kama metiformini bado anameza. Mgonjwa mwenye upungufu wa oksijeni kwa kawaida husimamishiwa.

NesiMstaafu
Dada yangu, ongeza hili: wageni wanaleta soda na juisi za chupa, mgonjwa anazinywa usiku, asubuhi tunalaumu sindano. Zipeleke nyumbani. Stripu za kupimia zikiisha wodini, mwambie kaka mkubwa anunue boksi, naye achangie kitu zaidi ya simu. Na kila kipimo wanachochukua, andika saa na namba kwenye daftari lako. Daktari mwenye haraka husoma daftari upesi kuliko anavyosikiliza.