Kachomoa seva achemshe chai!!!

Mzee wa Terminali: Simtaji, mnamjua. Kachomoa seva kwenye UPS (betri ya akiba umeme ukikatika) akachomeka BIRIKA. Seva ya Debian (Linux) yenye siku 1,143 bila kuzimwa, imevuka masika matatu na kumeza vumbi la Dodoma la kutosha kufyatulia tofali. Na tundu la ukutani lilikuwa wazi, hapo hapo pembeni! Birika la wati 2,000 kwenye UPS ya 650VA ambayo haifiki hata wati 400. Ikalia piiii, ikazima na swichi ya mtandao. Ukiuliza unajibiwa, "Kwani si unaiwasha tu?" Unaiwasha tu! Betri ya CR2032 ya kutunza saa kwenye mazabodi ilishakufa kitambo, hakuna aliyejua kwa kuwa umeme haukukatika. Saa imerudi 2015, vyeti vyote vya TLS (vya usalama wa mawasiliano) vinasomeka bado havijaanza kutumika. Fsck, ukaguzi wa diski, nayo inasubiriwa hadi ndevu zigonge kitovu. Birika, jamani. BIRIKA.

Root wa Makole: Ext4, mfumo wa mafaili wa diski, ikizimwa ghafla inasoma jeno (journal, kumbukumbu ya mabadiliko) tu, sekunde chache imemaliza. Hizo ndevu umezitafuta mwenyewe kwa -f, kuilazimisha fsck ikague yote.

Zabibu Chungu: Siku 1,143 na anajisifu! Apt (kisakinishi cha Debian) inaweka kerneli mpya, kiini cha mfumo, kwenye /boot, lakini inayotembea ni ile ile yenye matundu ya usalama hadi uwashe upya. Birika limekusaidia, mkuu.

Mzee wa Terminali: Wakili wa birika huyo kafika.

Zabibu Chungu: Sema nini kimegoma kuinuka.

Mzee wa Terminali: Postgres, hifadhidata. Na diski ya data haionekani.

Root wa Makole: Hahahaa! Postgres uliiwasha kwa systemctl start ukasahau enable ya kuifanya iamke yenyewe na mashine, diski ukaimaunti (ukaiunganisha) kwa mkono. Iandike diski kwenye /etc/fstab, orodha ya diski za kuunganishwa mashine ikiwaka, kwa UUID (namba yake ya kipekee), utaipata kwa amri ya blkid. Majina hubadilika, sdb ya leo kesho inaamka sdc. Ongeza nofail, la sivyo diski ikikosekana mashine nzima inakwama njiani.

Mzee wa Terminali: Tundu la ukutani lilikuwa WAZI.

Kijana wa Nkuhungu: Shukuru. Windows 95 ilikuwa inaganda yenyewe ikitimiza siku 49.7, kaunta ya milisekunde ya biti 32 imejaa. Hata birika halihitajiki. Ila wakuu, feni ikilia kama mashine ya kukoboa ni nini?

Root wa Makole: Vumbi. Zima, shika mapanga yasizunguke, ndipo upulize na blowa. Ukiyaacha yazunguke kwa upepo unaua beringi.

Kijana wa Nkuhungu: Blowa nani anayo, Area D?

Zabibu Chungu: Ipo, ila waya umekatikia kwenye plagi.