Tupeane uzoefu: picha za kila siku unazopiga mtaani, Kisumu, Nakuru na Magharibi

NyarKibuye

Wadau, hamjambo. Mimi hupiga picha kwa simu nikienda kazini na nikirudi. Sipigi harusi, wala jua likizama ziwani. Napiga ninavyovipita kila siku: mama anapanga nyanya mafungu mafungu, kijana wa tuktuk amelala kiti cha nyuma miguu iko nje, fundi viatu na redio yake, kibao cha kinyozi kilichochorwa kwa mkono. Nimefanya hivi miaka sita, hapa Kisumu, kati ya Kondele na Kibuye, na kuteremka hadi Oginga Odinga Street.

Nikiulizwa ni za nini, sikuwa na jibu. Nililipata mwaka juzi. Kulikuwa na mama anayeuza omena kando ya barabara ninayopita, mahali pamoja siku zote, sinia mbili na gorogoro, ule mkebe wa kupimia. Asubuhi moja vibanda vyote vya upande ule vikabomolewa. Baadaye watu wakaambiwa wajiandikishe wapewe nafasi kwingine, na orodha ilipotoka ilikuwa na majina ya watu ambao hawajawahi kuuza hata kibiriti pale. Lake halikuwemo. Akanitafuta. "Nyathina (mwanangu), si wewe ulikuwa unatupiga picha? Hukunipata hata moja?"

Nilikuwa naye mara kumi na nne. Miaka minne, masika na kiangazi, sinia zile zile, na nyuma yake ukuta wenye tangazo la rangi ambao kila mtu wa mtaa anaujua. Tarehe na saa zilikuwa zimehifadhiwa ndani ya kila picha. Tukachapisha tano, tukaandika tarehe mgongoni, akaenda nazo. Alipewa nafasi. Mwenyekiti wao naye alimtetea, sitaki kusema ni picha pekee. Lakini alizipanga mezani moja baada ya nyingine, karani akazitazama zote, akaandika jina.

Tangu siku hiyo sifuti picha kwa sababu eti ni ya kawaida. Naomba tupeane uzoefu. Ulianzaje, watu wanakupokea vipi, umewahi kukosea wapi, na unazihifadhi wapi. Watu wa Nakuru, Kakamega, Busia, Bungoma, karibuni sana.

Menengai_Asubuhi

Dada, asante kwa kufungua hili. Niko Nakuru. Mimi huzunguka Top Market na barabara za nyuma yake, na Kaptembwo ninakoishi.

Neno la kwanza nililoambiwa sokoni ni "picha yangu unaenda kuuzia wazungu". La pili, "toa ya soda". Nilikuwa nakasirika. Sasa naona wana haki ya kuuliza, maana wamepigwa picha miaka mingi na watu waliokuja na gari, wakaondoka na gari, wasirudi. Kwa hiyo nilibadilisha mwendo. Nanunua kwanza, hata vitunguu vya shilingi ishirini. Naketi kwenye kreti tupu, tunaongea bei, watoto, mvua. Simu inatoka mwisho, na inatoka wazi, sijifichi nayo. Nikipiga namwonyesha hapo hapo. Akisema hapendi, nafuta akiona. Wiki inayofuata narudi na picha iliyochapishwa, ndogo ile ya 4 kwa 6.

Hiyo ya kurudi na picha ndiyo ilinifungulia soko. Kuna mama wa viazi ambaye aliibandika juu ya mizani yake kwa selotepu. Jirani zake wote wakaniita.

Ukiwa mwanamke kuna jambo lingine. Wanaume wa steji watakufuata, watataka namba, watasimama mbele ya kamera. Mimi hutembea na dada yangu mdogo, na tunamaliza kabla ya saa nne.

Siku Nakuru ilipokabidhiwa hadhi ya jiji, tarehe 1 Desemba 2021, kamera zote zilielekea kwenye sherehe. Mimi nilibaki mtaani nikapiga foleni ya maji, mitungi ya njano imepangwa na wenyewe wameketi ukutani wakisikiliza hotuba kwenye redio. Hiyo ndiyo picha yangu ninayoipenda kuliko zote. Ninazo pia nyingi za Kenyatta Avenue wakati mijakaranda imemwaga maua, wafagiaji wako kazini, barabara yote ni zambarau. Za maua watu huziomba. Ile ya mitungi hakuna aliyewahi kuiomba.

BaiskeliBusia

Busia hapa. Mimi napiga kitu kimoja tu, boda boda za baiskeli. Jina lenyewe lilizaliwa kwetu, baiskeli zikibeba watu kutoka mpaka mmoja hadi mwingine, wenye nazo wakiita "boda, boda". Leo ni pikipiki kila mahali. Waliobaki na baiskeli ni wazee, na nyingi zinabeba mizigo kuliko watu. Napiga viti vya nyuma, vile vya sponji vilivyoshonewa ngozi ya plastiki na nyuzi za rangi. Nina arobaini na tatu. Mpaka wenyewe na ofisi zake sielekezei simu kabisa, na nawashauri msijaribu.

Wuon Baraka

Mimi nitaandika nilipokosea, kwa sababu dada ameuliza na kwa sababu bado kunaniuma.

Kisumu, jioni, saa kumi na mbili kasorobo. Mwanamume amelala kando ya ukuta karibu na baa, kofia usoni, mwanga unaingia kwa ubavu, kila kitu kimekaa vizuri. Nikapiga. Usiku nikaiweka mtandaoni na maneno mawili ambayo sitayarudia hapa. Watu wakacheka, wakasambaza.

Siku ya tatu nikapigiwa simu na jirani. Yule bwana ni mwashi. Usiku wa kuamkia siku ile walikuwa wamemwaga zege la slabu hadi alfajiri, mchana akashinda akidai malipo yake, jioni miguu ikagoma akajilaza. Hakuwa amekunywa kitu. Binti yake yuko kidato cha pili, na picha ilifika darasani kabla yake.

Niliifuta, lakini ilikuwa imeshatoka mikononi mwangu. Nikaenda kwao Nyalenda na mzee mmoja wa mtaa, kuomba msamaha. Alinipa kiti. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia, "Kijana, ulinipata siku moja, ukawaonyesha watu kama ndizo siku zangu zote." Binti hakutoka chumbani.

Tangu hapo kuna picha sipigi hata kama mwanga ni wa ajabu: aliyelala, aliyelewa, aliyeumia ajalini, mtoto wa mtaani anayevuta gundi. Na kama uso unatambulika, siuweki mtandaoni bila ruhusa. Wengi hawajui kwamba hata sheria iko hapo. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu sura yako kuwa data yako. Mwaka 2023 Kamishna wa Data alizitoza faini biashara zilizotumia picha za watu bila idhini, shule moja ikiwemo. Hizo ni biashara, najua, na wewe unapiga kwa mapenzi yako. Lakini yule binti hakuniuliza kama napata pesa.

Mwana wa Studio

Wuon Baraka, umeandika kiume. Pole.

Mimi ni wa Kakamega. Baba yangu alikuwa na studio kuanzia miaka ya sabini hadi kamera za dijitali zilipomfungia duka. Pazia lake lilichorwa ndege na ngazi za hoteli. Mtu alivaa koti la studio, akashika simu ya mezani isiyo na waya, akapigwa. Nimeyaona hayo tangu utotoni, na kusema kweli kila studio ilikuwa nayo.

Ninachotaka kuwaeleza ni mwisho wa filamu. Filamu ilikuwa na picha 36. Wateja wakiwa wachache, filamu ilikaa ndani ya kamera siku tatu, nne, na aliyelipa Jumatatu anagonga mlango kila asubuhi. Basi baba akibakisha mbili au tatu alitoka hadi mlangoni, akaelekeza kamera barabarani, akapiga haraka haraka, akaingia chumba cha giza kusafisha. Hizo hakuwahi kuzichapisha. Aliziita "za kumalizia".

Alipofariki tukarithi mikebe saba ya maziwa ya unga na biskuti, imejaa negativu, yaani filamu zilizosafishwa, zilizokatwa vipande vipande na kufungwa kwa karatasi za daftari. Nilianza kuzitazama nikitafuta picha ya mama akiwa msichana. Nyuso ni nyingi mno, na nyingi sizijui. Lakini kila nikifika mwisho wa filamu, namba 34, 35, 36, naukuta mtaa. Mlango ule ule, pembe ile ile, miaka ishirini na zaidi. Mti mchanga, kisha mti mkubwa, kisha kisiki. Duka la mbele linabadilisha jina mara tatu. Suruali za bugaluu zinakuja, zinatoweka. Msafara wa msiba umefunga matawi kwenye gari. Mvua imewajaza watu barazani kwetu, wote wanatazama juu. Fundi baiskeli yuko chini ya ule mti, mwaka baada ya mwaka, akiwa ameinama.

Hakuna aliyevaa koti la studio pale. Hakuna aliyejua anapigwa. Baba mwenyewe hakuwa akitazama, alikuwa akimaliza filamu. Nimetafuta picha nyingine za barabara yetu miaka ile na sijapata hata moja, na waliokuwa na kamera hawakuwa wachache. Bustani ya Muliro Gardens palijaa wapiga picha. Walipiga watu waliolipa.

Njia yangu ya kuzisoma ni hii, na haihitaji mashine. Simu moja naifungua ukurasa mweupe, mwangaza hadi mwisho. Naweka kipande cha kioo juu yake, na negativu juu ya kioo, ili vidoti vya skrini visionekane. Simu ya pili napiga kutoka juu, kisha nageuza rangi kwa programu ya kuhariri. Shikeni kingoni, msiguse katikati. Za rangi zimeanza kuwa nyekundu, lakini nyeusi na nyeupe ziko imara. Mkebe mmoja ulinuka siki nilipoufungua. Huo ni ugonjwa wa filamu yenyewe kuoza, hivyo niliutenga na kuuanza wa kwanza. Nimefika mkebe wa tatu.

Maseno Sifuri

Nimesoma hadithi ya mikebe mara mbili. Inanikumbusha Vivian Maier, yaya wa Chicago aliyepiga mitaa maisha yake yote na kuacha negativu zaidi ya 100,000. Mwaka 2007 vitu vyake viliuzwa kwenye mnada kwa sababu kodi ya stoo haikulipwa, ndipo watu wakaziona. Kwa hiyo lipeni kodi ya stoo! Kwa sisi wa simu, stoo ni kumbukumbu ya simu. Simu ikiibiwa steji, miaka sita imeenda. Mimi kila mwisho wa mwezi nahamishia kwenye diski, na nakala nyingine anakaa nayo kaka yangu Eldoret.

Kuhusu mwanga: ikweta inapita hapa kwetu, hivyo saa sita jua liko utosini na kila mwenye kofia hana macho. Pigeni kabla ya saa tatu, au kuanzia saa kumi na moja. Kamera ya simu ikiona anga nyeupe humfanya mtu mweusi awe kivuli. Gusa uso wake kwenye kioo cha simu, itarekebisha. Mwuzaji akikaa chini ya mwavuli mwekundu ngozi nayo huwa nyekundu, mwombe asogee nusu hatua au usubiri wingu. Na usivute karibu kwa vidole. Tembea umsogelee.

NyarKibuye

Asanteni sana. Mwana wa Studio, mimi ninazo za vibanda vya samaki vya Lwang'ni kabla havijabomolewa, nyingi zimetikisika kwa sababu nilikuwa nakula mbuta kwa mkono mmoja. Nilitaka kuzitupa. Jumapili hii nazihamisha zote kwenye diski. Kuna mwenye picha za mtaa wa Obunga, akina mama wa mgongo wazi (mifupa ya samaki iliyobaki baada ya minofu kutolewa) na mafuta yakichemka? Ningependa kuona za zamani.

Lurambi_wa_Pili

Samahani nimechelewa. Swali kwa Mwana wa Studio. Huyo fundi baiskeli chini ya mti, mti ulikuwa upande wa duka au upande wa studio? Mjomba wangu alikuwa na kazi hiyo mahali kama hapo hadi alipofariki mwaka 1991. Kwetu hatuna picha yake hata moja, hata ya kitambulisho ilizikwa naye. Alikuwa havui kofia, ya sufu, hata kukiwa na jua.

Mwana wa Studio

Upande wa duka, mkono wa kushoto ukitoka studio. Uso haujakaa sawa kwenye yoyote niliyoiona mpaka sasa, ameinama. Lakini ziko nyingine mikebeni. Baiskeli iko mbele yake, matairi juu. Kofia iko. Nitaikuza jioni nikutumie.