Mteja wa California anataka data zake zifutwe, sisi tuko Bukavu. Tufanye nini?

Biro_Ibanda
Wakubwa, jambo. Tuko watu sita hapa Bukavu, tunajibu barua pepe za wateja wa duka moja la Marekani linalouza vipodozi kwenye intaneti. Juzi mteja wa California ameandika: "Futeni kila kitu mlicho nacho juu yangu." Sheria ya huko inatugusa? Nikifuta kwenye mfumo, imeisha?

Yaya_Katuba
Usifute bado, ndugu. Sheria ya California ya kulinda data za wateja, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2020, inalibana duka kwanza. Nyinyi ni watoa huduma wake: mnafuata mkataba na maagizo yake. Lipelekeeni ombi leo hii, maana siku zinahesabiwa tangu ombi lilipopokelewa: 10 za kazi kuthibitisha kwamba limefika, 45 za kalenda kulijibu. Duka linaweza kuongeza 45 nyingine, lakini lazima limweleze mteja sababu.

Duka likisema futeni, mfumo ndio sehemu rahisi. Tafuteni faili za Excel kwenye kompyuta ya kila mmoja, picha za skrini kwenye vikundi vya WhatsApp, nakala aliyobaki nayo fundi wa nje. Hizo ndizo husahaulika, kisha mteja anatumiwa tangazo mwezi unaofuata na duka linaingia matatani. Ila ombi lenyewe na jibu lake havifutwi: California inataka kumbukumbu hizo zikae miezi 24.

Sheria_Lushi
Yaya amesema vema. Naongeza: majimbo hayafanani. Sheria ya Virginia inalibana duka kwa idadi ya watu wa huko ambao linashughulikia data zao, kuanzia 100,000 kwa mwaka, au 25,000 kama zaidi ya nusu ya mapato hutoka katika kuuza data. Texas, tangu tarehe 1 Julai 2024, haina kizingiti cha mapato wala cha idadi ya watu. Biashara ndogo zimeachwa nje, lakini nazo haziwezi kuuza data nyeti (kama za afya au dini) bila idhini ya mteja. Ombeni duka liwaandikie ni majimbo gani linayafuata.

Tena, mteja akisema tu "msiuze data zangu", asidaiwe kuthibitisha yeye ni nani. Huko California duka lina siku 15 za kazi kutekeleza ombi hilo, basi.

Biro_Ibanda
Asanti sana. Huyo fundi wa nje hatuna mkataba naye wa maandishi.

Yaya_Katuba
Hapo ndipo pa kuanzia. Andikianeni mkataba wenye masharti yaleyale mliyopewa, na duka lijulishwe kwamba yupo. Mpaka usainiwe, mfungieni mlango wa mfumo.