Fonti ya mwandiko wa mkono kwa bango la chekechea, Uyole

Mama_Uyole:
Habarini za jioni. Naandaa bango la geti la chekechea yetu hapa Uyole, njia ya kushuka Tukuyu. Nimezipenda sana zile fonti za kuchezacheza: herufi moja imeinama, nyingine imeruka juu kidogo, kama mwandiko wa mtoto. Nataka moja nitumie kila mahali: bango, nembo ya sweta, karatasi za kusomea. Mume wangu anasema itaonekana ya kitoto. Ni chekechea, ionekane ya nani basi? Nishaurini, hasa za bure kihalali.

Fundi_Mwanjelwa:
Dada, bangoni iweke, ila kwa jina la shule tu. Namba ya simu iandike kwa fonti iliyosimama wima. Abiria wa Coaster hana muda wa kukisia kama ile ni 1 au 7.

Angalia fonti inayoitwa Caveat, iko Google Fonts, maktaba ya fonti mtandaoni. Ni ya bure na leseni yake inaruhusu biashara. Ninachoipendea: herufi ikijirudia hubadilika kidogo, kama mkono unavyofanya. Fonti nyingi za aina hii hugonga "a" ileile kama muhuri, na Kiswahili kimejaa a! Andika "Karibuni watoto wapendwa" uone. Hakikisha tu programu unayochorea inaruhusu mabadiliko hayo. Chukua ile nzito, maana kwenye sweta mistari myembamba humezwa na uzi. Fundi adarizi kwanza kwenye kitambaa kibovu.

Na kabla ya kutuma kazi kwa mchapaji, geuza maandishi yawe mchoro. Kompyuta yake ikikosa fonti hiyo itaweka nyingine, na bango limeshachapwa.

Mwl_Rungwe:
Naunga mkono bango na sweta. Karatasi za kusomea, hapana, tafadhali. Hicho anachokisifu Fundi ndicho kinachomchanganya mtoto wa miaka minne: leo "a" imelala, kesho imefungwa, na yeye bado anaitafuta. Anahitaji "a" moja, ileile, mpaka aizoee.

Mimi natumia fonti inayoitwa Andika, ya shirika la lugha la SIL, nayo ni ya bure. Ilichorwa kwa ajili ya wanaoanza kusoma: "a" na "g" zina umbo tunaloandika ubaoni, na I kubwa, l ndogo na 1 hazifanani. Comic Sans pia, aliyoichora Vincent Connare wa Microsoft mwaka 1994, ina "a" hiyo ya ubaoni. Wachoraji wanaidharau, lakini darasani inasomeka na watoto wanaifurahia.

Mama_Uyole:
Mwalimu, hapo umenigusa, karatasi nabadilisha leo. Fundi, rangi je? Ukungu wa Juni huku unameza kila kitu.

Fundi_Mwanjelwa:
Nyuma njano, herufi bluu iliyokolea. Nyeupe juu ya njano usikubali hata mchapaji akiisifia.