Tupeane uzoefu: maswali ya sheria za gesi uliyakosea wapi?

Mleta mada: Wana Tanga, hamjambo? Mdogo wangu wa kidato cha tatu jana kaja na swali: gesi ya sm³ 600 kwenye nyuzi 27 za selsiasi imepashwa hadi 127, presha ileile. Ujazo mpya? Dogo kazidisha 600 kwa 127, kagawa kwa 27, kapata 2,822, tena kapigia mstari chini. Nilicheka, ila mwaka wangu niliandika hivyohivyo. Nyie je?

Mwana Ngamiani: Tulifia hapo wengi. Ongeza 273 kwanza, zinakuwa kelvini 300 na 400. Basi 600 × 400 ÷ 300 = 800. Mwalimu wetu akikuta selsiasi kwenye kanuni ya Charles (ujazo hupanda na joto la kelvini, presha ileile) hasomi mbele, kalamu nyekundu toka juu mpaka chini. Siku moja akatuuliza: gesi ikiwa nyuzi 0 mtagawa kwa ngapi? Darasa kimya. Kwa hesabu zetu, kasha la muuza barafu lilikuwa halina hewa hata chembe.

Fundi baiskeli: Mie shule niliishia njiani, nimejifunzia kwenye pampu. Kijana mmoja pale Chumbageni alinibishia: geji inasoma bar 3 za presha, tairi likikaa juani hewa ikatoka nyuzi 27 hadi 57 itasoma 3.3. Tukapima, ikaja kama 3.4. Kumbe geji haihesabu presha ya hewa ya nje, ambayo ni kama bar 1. Ndani mna 4, si 3. Kwa hiyo 4 × 330 ÷ 300 = 4.4, ukitoa 1 ya nje ndiyo hiyo 3.4. Na wanaosema jua peke yake limewapasulia tyubu, hebu tuhesabu viraka kwanza.

Mleta mada: 😂 Dogo kapata 800. Sasa anauliza kwa nini 273, isiwe 270?

Mwana Ngamiani: Mwambie gesi ikipoa kwa nyuzi moja, presha isipobadilika, inapoteza sehemu moja ya 273 ya ujazo iliokuwa nao kwenye nyuzi 0. Ashuke nyuzi 273 chini ya sifuri aone kinabaki nini.

Mleta mada: Kashuka. Anasema imebaki 0, na gesi imekwenda wapi?

Mwana Ngamiani: Huko kwenye karatasi tu. Gesi ya kweli inakuwa imeshageuka kimiminika kabla hajafika. Mpe uji alale.